Mama Zipora wa Ghala la Mbegu na Pishi Sita Zilizochanganyika

Leo Jumamosi, tarehe 27 Septemba 1913, Mama Zipora Matonya anakabidhi funguo za ghala la mbegu la misheni yetu hapa Makutupora, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Alipoanza, mwaka 1894, ghala lilikuwa vihenge viwili na paka mmoja. Sasa vihenge ni kumi na vinne, na paka ameacha wajukuu wasiohesabika.

Wengi mnamjua kwa meno yake. Mkulima akileta mbegu, Mama Zipora huchukua punje moja, huing'ata, na kwa mlio wake husema kama imekauka au bado. Waliobishana naye waliambulia ukungu. Askari wa boma nao hawajamsahau. Walikuja siku moja kudai chakula cha punda. Akawakaribisha vizuri, akawapa uji, kisha akawafungulia kihenge cha mbegu iliyopakwa majivu ya kuzuia wadudu, akawasihi waionje wao kwanza wasije wakaua punda wa Serikali. Wakaonja, wakakohoa, wakaenda zao.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuutunza mtama wa mapema, ule unaowahi kukomaa hata mvua ikikatika katikati. Mwaka 1911, baada ya mavuno mabaya mara mbili mfululizo, tulibaki na pishi tatu tu za mbegu hiyo. Ukiitazama inafanana na mtama wa kawaida kabisa. Tofauti ni kidoa cheusi kwenye ncha ya punje, kidogo mno. Ungo hausaidii kuitenganisha, maana uzito ni mmoja.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, Nikodemo, mwalimu wa shule ya misheni, niliyepewa heshima ya kuandika wasifu huu. Ningependa kuiruka sehemu hii, lakini sitairuka.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi kutoka masomoni pwani, kichwa kimenijaa. Mwalimu wetu Mjerumani alitufundisha kwamba vitu vidogo kabisa vilivyoiunda dunia hugongana kama gololi, na ukitazama gololi mbili zikigongana huwezi kujua kama mambo yanakwenda mbele au yanarudi nyuma. Kanuni ni ile ile kotekote. Nikamweleza Mama Zipora haya huku nimeegemea mlango wa ghala lake kwa maringo. Akaniuliza kwa nini basi majivu hayarudi kuwa kuni, na kwa nini yeye anaikumbuka jana lakini haikumbuki kesho. Nikasema ni suala la subira tu, kwamba kitu kikitikiswa muda wa kutosha kitarudi kilivyokuwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kile kiliniuma. Kesho yake, alipokwenda kisimani, nikakuta makapu mawili ya mtama, kila moja la pishi tatu, yameanikwa mlangoni. Nilijua moja ni la mapema na jingine la kawaida, ila nilidhani ndani kuna akiba. Nikayamimina katika kapu moja kubwa, wa mapema chini, wa kawaida juu, nikaanza kutikisa nikingoja zichanganyike kisha zirudi zilivyokuwa. Kila baada ya muda nilichota punje za juu nikatafuta kidoa. Kadiri nilivyotikisa ndivyo zilivyozidi kuchanganyika, nami nikazidi kutikisa. Aibu gani hii!

Aliporudi alinikuta natoka jasho. Hakufoka. Alichota punje kiganjani, akatafuta kidoa, kisha akaniambia kwamba ndani hakuna akiba. Nilipoanza kulia, akanieleza jambo ambalo pwani sikulisikia. Punje zikae kila aina upande wake, alisema, zina njia chache mno. Zichanganyike, zina njia zisizo na hesabu. Kapu halina nia mbaya na mtu, linaelekea tu kwenye njia nyingi. Na popote utakapokuta vitu vimetengana, ujue kuna aliyevichambua kabla yako. Labda hiyo ndiyo jana, akasema, upande ule ambako kazi ya kuchambua ilikwisha fanyika. Ni nani aliyechambua mwanzo kabisa, hilo alisema tumwulize padri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifundisha maneno hayo darasani kana kwamba ni yangu.

Kisha akavuta kigoda na kuanza kuchambua. Alichambua siku ishirini na tatu, punje moja moja, hapo hapo mlangoni kwenye jua na vumbi kwa sababu ndani kuna giza. Tayari alikuwa na ugonjwa wa vikope, na mganga wa misheni alikuwa amemwonya ayapumzishe macho. Nilijaribu kumsaidia, lakini nilikosea sana hivi kwamba alilazimika kuchambua na zangu. Alimaliza siku tatu kabla ya mvua ya kupandia. Mvua ile ilikatika Februari, mtama wa kawaida ukakauka, na sote tulioketi hapa tulikula mtama wa mapema.

Baraza la wazee lilipouliza mbegu zilichanganyikaje, alijibu kwamba alishona gunia vibaya likapasuka. Katika kitabu cha kumbukumbu cha misheni likaandikwa neno "uzembe" mbele ya jina lake. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Tulipotoka alininong'oneza, "Wewe ukifukuzwa, mwanangu, nani atawafundisha watoto hawa? Mimi hata wakininyang'anya jina, mikono ninayo."

Macho yake hayakupona. Pasaka iliyopita hakuweza tena kukiona kidoa, na sasa huona mwanga wa mlango tu. Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu kwake, si uzee.

Wazee wa baraza, hakuna gunia lililopasuka. Niliyechanganya ni mimi. Naomba neno lile liandikwe mbele ya jina langu, na kama shule itapewa mtu mwingine, nitaikabidhi. Macho ya Mama Zipora siwezi kuyarudisha hata nikitikisa dunia nzima.

Mama, sikukwambia kwamba nitasoma haya, maana ungenikataza. Nakuomba radhi. Misheni nzima inakushukuru kwa kila shamba lililoota, na inakuombea siku za amani nyumbani kwa binti yako Ruthu kule Nzuguni, chakula kisipungue, wajukuu wakusikilize. Nimesimama upande wako wa kulia, karibu kabisa. Ukinyoosha mkono utanipata.