Mama Godelive, Mchoraji Asiyempunguzia Mtu Miaka

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na nne katika atelier yetu ya uchoraji hapa Butembo, Mama Godelive Kavira anaweka brashi chini. Matajiri wa mji huu karibu wote wamekalia kiti chake, koti limefungwa, simu imezimwa, wakiogopa kuliko kwa daktari wa meno.

Mimi Timothée, ninayeandika haya, nilimchorea mapazia na viatu katika picha zake. Siku moja aliniachia mkono wa mteja. Nikaupa vidole sita. Mama alisema tu kwamba mteja ni mfanyabiashara, atavihesabu. Nikarudi kwenye mapazia.

Sheria yake ilikuwa moja: picha haitoki kabla haijaonwa na mtu asiyembembeleza mteja. Bibi wa mteja na wafanyakazi wake hawakukubaliwa; hao husifu hata turubai tupu. Basi Papa Syauswa, muuza mabati, alipochorwa kwa jubile ya duka lake, Mama alituma pikipiki mpaka Bungulu, kule Beni, kumleta Papa Kitsa, mdogo wake Syauswa. Ndugu hao hawakusemeshana miaka sita, sababu ya mpaka wa parcelle, kile kiwanja cha baba yao.

Syauswa akikasirika, matajiri wengine wangemfuata, na sisi tungerudi kuandika majina ya maduka ukutani. Syauswa mwenyewe alijificha nyuma ya pazia, lile la kitambaa, si langu.

Kitsa aliangalia mikunjo ya uso pichani, na jicho la kushoto linalolegea. Kisha akaiambia picha, kana kwamba ni kaka yake mwenyewe: "Yaya, ulishazeeka hivi, na hapana mutu aliniambia?"

Pazia likajibu: "Na weye, unajiona kijana?"

Walibishana mpaka saa kumi nani amezeeka zaidi, halafu wakapanda pikipiki moja kwenda kuangalia ule mpaka. Juma lililofuata waliagiza picha ya wawili, kila mmoja akilalamika kwamba mwenzake amepewa nafasi kubwa. Donc, basi, atelier haikufungwa: matajiri walipanga foleni, kila mtu na mgomvi wake.

Sasa Mama anahamia Beu, kule Beni, kwenye shamba lake la kakao. Ndugu hao wawili wote walitaka kumsafirisha, kwa hiyo atasafiri katikati yao. Tunamwonea huruma.

Aksanti, Mama, kwa kazi na kwa uvumilivu. Mungu akupe miaka mingi ya utulivu katika kakao yako, ambayo haitakuuliza kwa nini umeichora hivyo.