Sailensa ya Ngurumo

Wamenikalia kooni nieleze mimi, eti kwa kuwa kahawa ni yangu na mjukuu ni wangu. Kwani wao midomo wameiazima? Haya. Benchi liko kwenye kona, chini ya dirisha langu, nami nauza kahawa nikiwa ndani, natoa mkono tu na birika. Wakaaji wa kudumu ni watatu: Wembe ni kinyozi, Sindano ni fundi cherehani, na Hakimu alikuwa akibeba mafaili mahakamani, ila ukimwita tarishi atakununia mpaka unywele wake wa mwisho udondoke. Wa nne ni mjukuu wangu, Ngurumo, dereva wa pikipiki ya abiria. Pikipiki aliitoa sailensa, lile kopo la chuma linalomeza kelele, basi ikawa ikipita utadhani mabati yanang'olewa na upepo. Ikikaribia, benchi zima linafunika vikombe kwa viganja. Mtu anakatiza neno katikati, ikishapita analimalizia. Walishazoea, hata hawajioni.

Asubuhi hiyo mwenyekiti wa mtaa alipita akasema pikipiki ile ikilia tena karibu na nyumba za watu, jioni italala kituo cha polisi. Na ndiyo inayoleta unga nyumbani kwangu. Ngurumo akaja kuegesha, uso umemshuka.

— Bibi, umesikia? Wanataka kuninyang'anya kazi.

— Nimesikia. Na ulipoiwasha alfajiri nilisikia. Hata marehemu babu yako alisikia.

Wembe akaingilia:

— Mwacheni kijana! Injini ni kama mtu, inataka kupumua. Ukimziba mtu pua, atakwenda?

— Wewe injini umezijulia wapi? nikamuuliza.

— Mashine yangu ya kunyolea ina injini.

— Ile ina betri, Wembe.

— Mimi nasema usalama, akasema Sindano. Chombo kisicholia kinagonga watu. Ndiyo maana wahenga wakasema debe tupu haliachi kuvuma. Linavuma ili watu wapishe.

— Walikuwa wanakusema wewe, nikamjibu.

Hakimu akakohoa kikohozi chake cha mahakamani.

— Kisheria, kelele inahesabika ikikaa. Hii inapita. Kelele inayopita ni mgeni, na mgeni hafukuzwi.

— Tena ina faida, akadakia Wembe. Panya wote dukani kwangu wamehama!

— Panya ni nini? akasema Sindano. Mimi mtaro wangu uliziba, Ngurumo akapita mara moja tu, maji hayooo!

— Bado kutibu meno, nikasema.

— Usicheke, mama, akasema Hakimu. Hili gego la nyuma lilitoka lenyewe siku alipowasha hapa. Damu hata tone.

Ndipo akavuka yule mama kijana aliyehamia nyumba inayotazamana na yetu, kichanga begani, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mtoto hapati usingizi. Akifumba macho tu, pikipiki inawashwa, anatupa mikono juu kama mtu anayeanguka mtini.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akamfariji Sindano. Basi mshindo mwingi una kimya kikuu. Vumilia, atalala.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza Hakimu.

— Mkuu yupi, baba?

— Mimi.

Yule mama akamgeukia Ngurumo.

— Kaka, pikipiki yako ilipotoka dukani haikuwa na sailensa?

— Ilikuwa nayo, dada.

— Sasa iko wapi?

Swali dogo hivyo tu. Wembe akajikuna kisogo, Sindano akaanza kukagua kola ya shati lake mwenyewe. Hakimu, mwenye sheria zote, akatazama mbingu.

— Inuka, Hakimu, nikasema dirishani.

— Kisheria, mama...

— Inuka!

Akainuka. Na chini ya mwisho wa benchi aliokuwa ameukalia, mahali pa mguu, ilikuwa imesimama sailensa, imefungwa kwa vitambaa vya Sindano, inang'aa kwa kusuguliwa na visigino. Mguu wa benchi ulipovunjika, mjukuu wangu aliwahurumia wazee akaifungua papo hapo. Na kwa upande wake alikuwa akitamani pikipiki inayovuma kama za wenzake. “Ni kwa leo tu,” alisema. Leo hiyo ilishaota ndevu. Kumbe hawa watu wazima hawakuwa wakitetea injini, walikuwa wakitetea makalio.

— Nisamehe, dada, akasema Ngurumo. Nilidhani mtazoea.

— Wewe ungezoea kuanguka mtini?

Akaenda kutafuta spana. Aliifunga sailensa yule mama akiwa amesimama pale pale, nami nikimpa masharti kutoka dirishani: kwenye kona apunguze mwendo, asivute mafuta kuingurumisha injini mlangoni kwa watu, na honi ni ya hatari, si ya kusalimia wasichana. Akawasha. Ikanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba. Mtoto akapiga mwayo. Wembe alikuwa ameshafunika kikombe kwa kiganja, akakaa hivyo hivyo akingoja kelele.

— Sasa sisi tutakaa wapi? akauliza Hakimu.

— Aliyeuondoa mguu ataurudisha, nikasema.

Basi Ngurumo akalipa kwa mapaja yake. Mpaka seremala alipoleta mguu mpya, alichuchumaa pale, mwisho wa benchi uko magotini, wazee watatu wako juu. Kila abiria aliyefika aliambiwa angoje, dereva kwa sasa ni mguu. Na wale watatu, ambao siku zote hugugumia kahawa yangu kama wanakimbia moto, siku hiyo waliipuliza mpaka ikapoa, wakaomba nyingine.