Mama Bado na Simu Sitini na Tatu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mpokezi mkuu wa kliniki yetu ya meno atafunga kaunta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wazazi wanamwita Mama Bado. Watoto wanamwita Bibi wa Meno, ingawa meno yake mwenyewe yamepandana mbele na hajawahi kuyavisha waya wa kuyanyoosha. Mwandishi wa wasifu huu, utakaogawiwa ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga, amepewa kurasa mbili za kuieleza miaka hiyo, na anakiri mapema kwamba amechanganyikiwa tangu aya hii ya kwanza.

Kwanza, kazi yake haieleweki. Kwa kawaida mpokezi huwekwa mlangoni ili wateja waingie. Huyu kwa miaka thelathini na moja amekuwa akiwarudisha nyumbani. Mzazi anafika na mtoto wa miaka minane mwenye meno ya mbele yaliyochomoza, wote wamevaa nguo za kutokea, pesa za waya ziko kwenye bahasha, na nusu saa baadaye anatoka na bahasha yake vile vile, akicheka. Na kliniki, badala ya kufa, imekua kutoka kiti kimoja hadi vinne. Mhasibu wetu amejaribu kutufafanulia jambo hilo mara mbili. Mara zote mbili tumemaliza chai tukaenda zetu.

Pili, na hili ndilo linaloulizwa sana na wafanyakazi wapya: kwa nini anastaafu akiwa mpokezi mkuu tu? Cheo hicho alikipata mwaka wake wa kumi na mbili, akakaa nacho hapo hapo, kwenye kaunta inayopigwa na upepo wa mlango. Hajawahi kuwa msimamizi wa ofisi. Jibu lipo, nasi tutalifikia.

Nyuma ya kaunta kuna kabati la chuma lenye droo tatu. Ya juu ina kadi za watoto wanaovaa waya, ya kati ina za waliomaliza. Ya chini ndiyo nzito kuliko zote, na kila kadi iliyomo imeandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: Bado. Hao ni watoto ambao Daktari, mkuu wa kliniki yetu, amewapima akaona meno ya utoto hayajang'oka yote na hakuna la kuharakisha. Ukimvisha mtoto kama huyo waya leo, kesho kutwa meno mengine yanaota na kukaa yanavyotaka, unaanza upya, unalipa mara mbili. Mama Bado humpa mzazi tarehe ya miezi sita mbele, kupimwa bure. Kupima bure ni yeye aliyemshawishi Daktari, mwaka wake wa nne, na hakuna ajuaye alitumia maneno gani. Ila mtoto ambaye taya limekwenda upande, au anayeshindwa kutafuna, hakusubirishwa hata siku moja.

Mzazi aliyeshindwa bei yetu kabisa alielekezwa hospitali ya chuo cha udaktari wa meno, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho hufunga waya chini ya macho ya walimu wao, kwa karibu nusu ya bei. Alikuwa akiwachorea ramani. Mwandishi alipoiona ramani hiyo mara ya kwanza alidhani ni ya kwenda msibani. Wenye bima aliwarudisha kwa waajiri wao wakaulize kwanza, na jibu waje nalo kwa maandishi, kama bima inagusa meno ya mtoto na mpaka umri gani. Halafu kuna vile vibamba vya kushikilia meno baada ya waya kutolewa, ambavyo watoto huvifunga kwenye karatasi wakati wa kula na kuvitupa pamoja na maganda. Kila anayepewa kibamba, Mama Bado humpa na kisanduku cha sabuni cha kukihifadhia, chenye namba ya simu ya mzazi. Daktari alilalamika kwamba chumba cha kusubiri kinanuka kama kwa dobi. Visanduku vikaendelea.

Sasa tuje kwenye Jumatatu ya simu.

Ni miaka tisa iliyopita. Karani mpya wa kumbukumbu alikuwa na siku nne kazini, katika miezi mitatu ya majaribio, akitafuta namna ya kuonekana ana faida. Ijumaa mchana Mama Bado alikwenda kumzika shangazi yake. Karani akafungua droo ya chini, akaona neno Bado kwenye kadi moja, ya pili, ya kumi, akaelewa anavyojua yeye: hawa bado hawajapigiwa simu. Akasikitika jinsi kazi ilivyolala. Akapiga simu sitini na tatu, akiwaambia wazazi kwamba zamu ya mtoto imefika, waje Jumatatu na malipo ya kuanzia. Kuuliza si ujinga, lakini yeye siku ile aliona kuuliza ni kujidhalilisha.

Jumatatu saa mbili asubuhi watu walijaa mpaka ngazi za nje. Daktari alidhani kumetokea ajali. Watoto wenye mapengo walikuwa wakikimbizana kati ya viti, wazazi wakiulizana nani wa kwanza, na Mama Bado amesimama katikati na kitambaa cha msiba kichwani, akisoma kadi moja baada ya nyingine kama mtu aliyeamka katika nyumba isiyo yake.

Aliwaomba radhi mmoja mmoja. Wengi waliondoka wakinung'unika tu. Mmoja hakuondoka. Alikuwa fundi cherehani mwenye binti wa miaka tisa. Jumamosi, ili apate malipo ya kuanzia, alikuwa ameuza cherehani chake.

"Umemuuzia nani, baba?" Mama Bado alimuuliza. Fundi akataja duka la vitu vya mitumba karibu na stendi. "Basi twende."

Akatoka, akaiacha kaunta saa za kazi bila ruhusa kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. Mwenye duka alisema biashara imekwisha, fundi akikitaka cherehani alipe zaidi. Fundi anasimulia kwamba Mama Bado hakubishana wala hakulia. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya cherehani, mkoba mapajani, beji ya kliniki kifuani, akakaa hapo mpaka saa saba na robo. Mwenye duka akakirudisha kwa bei ile ile. Kwa nini, mwandishi hajui. Ameshamuuliza fundi mara tatu na fundi naye hajui.

Binti huyo alivishwa waya akiwa na miaka kumi na tatu, mara moja tu, na baba yake alilipa kidogo kidogo kwa miezi ishirini, akishona.

Jioni ya Jumatatu ile Daktari alikuwa amekasirika hasa. Alimwita mwenye droo. Karani alikuwa amesimama mlangoni na orodha ya namba mfukoni, akisikia kila neno. Daktari aliuliza nani aliyeamuru simu zile.

"Droo ni yangu, Daktari," Mama Bado akasema. "Niliandika neno nusu."

Alipewa barua ya onyo. Usimamizi wa ofisi, aliokuwa atangaziwe mwezi ule ule, haukutangazwa. Baada ya miaka mitatu akapewa mtu mwingine.

Mwandishi wa wasifu huu hawezi kuendelea kujiita mwandishi. Karani yule ni mimi. Msimamizi aliyepewa ni mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka tisa, na hilo nalo silielewi. Kila asubuhi nimempita kwenye kaunta nikienda kwenye chumba chenye dirisha, naye akaniuliza hali ya watoto. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa nini alinibeba. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto, akasema, "Ulikuwa na siku nne tu, mwanangu." Mtu anawezaje kulimaliza jambo zima kwa maneno machache hivyo, mimi nikashindwa kulisema neno moja miaka yote hii?

Daktari, utaisoma karatasi hii ukiwa mstari wa mbele, na wenzangu wote nyuma yako. Simu zile nilizipiga mimi, bila kuamriwa na mtu. Nimeona aibu, na aibu hiyo ni halali yangu.

Mama, asante kwa miaka thelathini na moja, na kwa kila bahasha iliyorudi nyumbani ikiwa nzima. Upumzike vizuri, ulale mpaka jua liwe juu, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, afya isikupungukie. Na leo ukumbini usiketi na wapokezi. Njoo mbele, kwenye kiti cha msimamizi, mimi nitasimama.