Jiwe Chini ya Turubai

Benchi letu linatazamana na geti la bustani ya kumbukumbu, pale kilipoporomoka kiwanda cha nguo. Ndani kuna ukuta wa majina, na kimya chake kinavuka barabara mpaka kwetu. Sisi hatuingii. Tunakunywa kahawa, tunabishana kwa methali zifaazo na zisizofaa, na pembeni ya benchi tunaweka kikombe kimoja kilichojaa, cha mdogo wake Kinyozi. Alikuwa zamu siku ile, na mwili wake haukupatikana. Leo limeletwa jiwe jipya, limefunikwa turubai, na Kinyozi, anayenyolea hapo kando, haliondolei jicho hadi amemkwangua mteja sikio.

— Jiwe la nini tena? akauliza Kinyozi.

— La matangazo, akasema Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Watatangaza sabuni.

— Sabuni kwa marehemu?

— Haraka haraka haina baraka, kaka. Hata marehemu huoga.

Dobi akatikisa kichwa.

— Nyie watoto. Hilo jiwe la akiba. Wakubwa wanajua kuna jengo lingine litaanguka. Tumeshahesabiwa!

— Dobi, we!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi kuanzia leo napigia pasi nje.

— Mbona mnahangaika? Redio akadakia. Jiwe lenyewe halichongwi. Wanafunua tu turubai, wanakuta majina yameshajiandika.

Tulicheka, lakini mimi nilitupia jicho lile turubai.

— Lisemwalo lipo, Dobi akaanza, na kama halipo...

— Koma! Kinyozi akafoka. Mdogo wangu hayumo ukutani. Asiyekuwemo anaweza kuwa popote. Labda hospitali, labda kasahau hata kwao. Si ndiyo?

— Ndiyo, tukasema wote, upesi mno.

Geti likalia. Akatoka fundi wa mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, patasi mkononi. Hatukuwahi kumwona. Akaketi.

— Shikamooni, wazee. Kahawa ipo?

Muuza kahawa akainamisha birika. Likatoka tone.

— Pole, fundi. Imekwisha.

— Haya, bahati yangu. Koo limekauka. Leo nachonga wale ambao hawakuonekana.

Niliogopa hata kumtazama Kinyozi.

Fundi akakiona kile kikombe cha pembeni, kimejaa, kinapoa. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kwa adabu.

— Samahani, jamani. Hiki kina mwenyewe?

Tukamgeukia Kinyozi. Akakitazama kikombe, kisha akakisukuma taratibu kuelekea kwa fundi.