Leland Bourassa na Chumvi ya Kijito Namba Sita

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Leland Bourassa anarudisha funguo za gari la kituo baada ya miaka thelathini na minane ya kuchota maji ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa. Katika muda huo kituo chetu cha utafiti wa msitu hapa New Hampshire kimepitiwa na wakurugenzi saba. Wote waliagwa kwa hotuba ndefu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuliwasha lile gari katika baridi kali ya Januari.

Kwa wasiomfahamu (wahasibu, nawasalimu), kazi yake ilikuwa hii: kila Jumatatu, theluji ifike kiunoni au nzi weusi wamtafune masikio, apande mlimani hadi Kijito Namba Sita, asuuze chupa mara tatu kwa maji ya kijito, aijaze, aifunge, ashuke. Sisi wa maabara tunapima kilichomo. Ukifanya hivyo mwaka mmoja, huna kitu. Ukifanya miaka thelathini, unaweza kuonyesha kwamba mvua yenye moshi wa viwanda iliunyang'anya udongo chokaa yake, na kwamba miti ya maple ilikuwa ikifa njaa huku imesimama.

Maneno hakuwa nayo mengi. Siku moja kulungu dume mwenye ukubwa wa farasi alimzuia juu ya ukuta wa kupimia maji uliokingama kijitoni. Katika daftari lake tunasoma: "Saa tano, nimechota. Saa tano hadi saa nane, kulungu."

Haya, tufike kwenye chumvi, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Mwishoni mwa mwaka 2007 chumvi ilianza kupanda katika chupa za Namba Sita. Haikuwa nyingi, lakini maji yale ni safi mno, chembe ndogo tu inaonekana. Mkurugenzi wa wakati huo, Daktari Chauncey Whitlow, alifurahi kama aliyepata mjukuu. Alisema upepo wa bahari ya Atlantiki umebadilika, sasa unatuletea chumvi. Kila mwaka baridi ikielekea kwisha, chumvi ilishuka kwa wiki sita hivi, kisha ikapanda tena, na mshuko huo akaupa jina lake mwenyewe. Zikatoka makala tatu, safari ya kwenda mkutanoni Lisbon, na mchoro mkubwa uliotundikwa karibu na birika la kahawa. Aliyepima zile chupa ni mimi, na sikushtuka. Nilidhani wenye shahada nyingi wanajua wanachosema.

Juni 2011, Leland alikuwa akisubiri kahawa, akautazama ule mchoro. Mwaka 2008 mshuko ulianza mapema Februari. Mwaka 2011 ulianza Machi. Upepo haufuati kalenda ya Kanisa. Leland anaifuata. Tangu vuli ya 2007 dada yake Yvette alikuwa akimfungia matango ya achari, yaliyolowekwa maji ya chumvi, kwa chakula cha mchana. Aliyala pale kijitoni, akajifuta mikono kwenye suruali, ndipo akashika kifuniko cha chupa. Kila Kwaresima aliyaacha.

Alinijia maabara uso umempauka. "Roxy, nimekitia kijito chumvi," aliniambia. "Miaka ishirini na minne nachota, halafu ona. Upepo wa Atlantiki ni mimi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wetu wa kila Julai, alikuwa apewe nishani ya kumbukumbu safi, na jina lake lichongwe kwenye ukuta wa Namba Sita. Ndicho kitu pekee alichowahi kukitamani hapa. Yvette alishanunua gauni.

Daktari Whitlow alimwita ofisini, na mlango wa ofisi ile haujafungika tangu 1994, kwa hiyo tulisikia sote. "Mzee Leland, achari ni mambo ya nyumbani," alisema kwa upole. "Wewe pokea nishani yako, acha matango, chumvi itashuka yenyewe. Nitaandika kwamba upepo umetulia."

"Na kesho mtu akiuliza kama chokaa nayo ilipungua kweli, au ni mimi niliacha kula jibini yenye chokaa," Leland akamjibu, "utamwambia nini, Daktari?"

Julai ile alisimama mbele ya watu tisini akaeleza tango kwa tango. Watu walivunjika mbavu. Kisha akafungua daftari na kalamu nyekundu, akakata Jumatatu mia moja sabini na moja, mojamoja, na saini pembeni ya kila moja. Za Kwaresima akaziacha. Dakika kumi alizopewa kuzungumza zilipita zamani na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Nishani ilirudi kabatini, na ukutani likachongwa jina la Whitlow, maana mkurugenzi ni mkurugenzi. Yvette alilivaa gauni lake hivyo hivyo. Mimi nililia chooni, na sioni haya kusema.

Mwaka jana wanasheria wa wenye viwanda walikuja kutafuta kasoro katika kumbukumbu zetu za chokaa. Walipekua daftari siku mbili, wakafika kwenye kurasa nyekundu, nyuso zikachangamka. Wakauliza ni nani aliyegundua makosa yale. Nikawaambia: mchotaji mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, na ilimgharimu nishani. Walitazamana, wakafunga daftari, wakaomba waonyeshwe njia ya kurudi barabarani.

Leland, tunashukuru. Nenda ukaishi vizuri, na afya ikufuate.

Roxanne Pelkey, Maabara