Isidore Kubuya, Wa Kwanza Kulala Katika Makaburi Mapya ya Muheto

Ndugu na marafiki, huyu mbele yetu ni Papa Isidore Kubuya, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, na kaburi lililo wazi ndilo la kwanza kuchimbwa katika kiwanja hiki. Kiwanja kilifyekwa na kubarikiwa mwaka wa 1955. Tangu hapo Muheto imeendelea kuzika wafu wake wote upande ule mwingine, juu kabisa ya kilima, palipo juu ya chemchemi tunayoinywa. Marehemu alitumia nguvu zake za mwisho kutaka jambo hilo likome.

Isidore alizaliwa Itebero, teritware, yaani wilaya, ya Walikale, tarehe 3 Mei 1917, mtoto wa pili wa mwindaji Athanase na Mama Elisabeth. Itebero mtu hatafuti maji. Maji ndiyo yanayomtafuta yeye, kwa paa, kwa mlango na kwa miguu ya kitanda. Jamaa zake hawajaelewa hadi leo inakuwaje mtoto wa kule akalipwa mshahara kwa kuyatafuta. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe “iko anachimba kitu kwa Wazungu,” na akaishia hapo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1926 hadi 1933. Alijua Kifaransa, hesabu, na kunyamaza, somo ambalo halikuwa katika programu lakini lilifundishwa kwa bidii kuliko yote. Mwaka wa 1936 aliajiriwa kwenye machimbo ya bati, akapewa pampu ya kunyonya maji mashimoni. Wenzake waliitukana pampu. Yeye aliuliza maji yanatoka wapi. Mwaka wa 1942 swali hilo lilimfikia mhandisi, injenyere mmoja wa serikali, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Sikio kwa sababu kila alipofika mahali alilala chini na kuisikiliza ardhi. Alimchukua Isidore mpaka Masisi, akamfundisha kazi.

Chombo chao kilikuwa bomba dogo la shaba lenye filimbi kichwani. Hushushwa kwa kamba ndani ya shimo jembamba. Likigusa maji, hewa iliyomo husukumwa nje na filimbi hulia, kisha kamba hupimwa. Isidore alipokishusha Kashuga mwaka wa 1944, Mama Emérita, mwenye shamba, alisimama karibu na jembe lake begani.

“Papa, nani iko anapiga filimbi kule chini?”

“Hakuna muntu, mama. Iko maji.”

“Maji iko na midomo?”

“Iko na hewa.”

“Basi uambie ile hewa yako tumesikia. Inyamaze.”

Kisima kilichimbwa, maji yakapatikana. Mama Emérita anayanywa hadi leo, ila hajawahi kuinama akatazama ndani.

Tarehe 14 Julai 1945 Isidore alifunga ndoa na Adelaïde Mukankusi, binti wa wakulima wa maharagwe wa hapa Muheto. Walijaliwa Victorine mwaka wa 1946, Colette mwaka wa 1949 na Émile mwaka wa 1952. Mwaka wa 1950 alitujengea chemchemi: ukuta wa saruji, bomba la chuma, maji maangavu. Mkubwa wa teritware alikuja, akanywa glasi moja mbele ya watu, akajipigia makofi. Makaburi yalikuwa juu kabisa ya kilima hichohicho, yamewekwa huko zamani ili wafu wawe karibu na mbingu. Maji hayakuulizwa. Isidore, aliyeyahoji maji ya vilima vyote vya Masisi, hakuyahoji haya, kwa kuwa yalikuwa ya ukweni, na mkwe mwenye adabu haulizi kinywaji alichopewa kimetoka wapi.

Colette alifariki tarehe 9 Machi 1953 kwa kuhara, akazikwa kule juu. Mwaka uliofuata watoto wengine walipoanza kumfuata, baba yake alipanda kilima na kopo la unga mwekundu, ule ambao Bwana Sikio alikuwa akiutumia kufuatilia njia za maji chini ya ardhi. Ukiingia majini hugeuka kijani. Aliumwaga siku ya Jumatatu katika ufa kando ya makaburi. Jumatano asubuhi Adelaïde alikuwa wa kwanza kufika bombani.

“Baba Victorine! Kuya uone! Maji iko kijani!”

Wanawake walitua mitungi. Sebarenzi, kapita anayeongoza kijiji, alichovya kidole, akakinusa.

“Hii njo salamu ya wafu?”

“Hapana, kapita. Hii njo njia ya maji,” Isidore alisema. “Inapita kwao kwanza, mbele ya kufika kwetu.”

Adelaïde aliuinamisha mtungi wake mpaka maji yakaisha, kisha akasema polepole, kama mtu anayefanya hesabu:

“Kumbe tulikuwa tunamukunywa mutoto.”

Maji yalibaki kijani mpaka Jumamosi. Tangu siku ile Adelaïde huchota mtoni, bondeni kabisa.

Isidore alitoboa mashimo upande huu wa magharibi. Filimbi haikulia popote; chini ni pakavu, hapapeleki kitu kwa mtu. Kijiji kilikubali, padri akabariki, na hakuna aliyeletwa. Muheto inajulikana kwamba mfu wa kwanza katika uwanja mpya hulala peke yake, na akisikia baridi huita wenzake wamtie joto, akianza na anaowapenda. Kila nyumba iliona vizuri watangulie wengine. Wazee wagonjwa waliwaapisha watoto wao wasiwalete huku. Isidore aliitisha mikutano, akahutubia viti na mke wake. Kule juu makaburi yaliongezeka, na chini yake bomba liliendelea kutiririka, tamu kama zamani.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka wa 1956, kwa vumbi la mawe alilovuta visimani. Oktoba 1957 alilazwa hospitali, na Januari akaomba arudishwe nyumbani. Mdogo wake Faustin alifika kwa mguu kutoka Itebero akitaka kumpeleka porini kwao, ambako wazee wana namna yao ya kumpokea mtu. Adelaïde alitaka alale kando ya Colette. Isidore aliwasikiliza wote wawili, kisha akamshika mkewe mkono.

“Adelaïde, ukiniweka pale, mutanikunywa na miye.”

“Ile maji sikunywe tena.”

“Victorine akiolewa hapa atakunywa. Batoto yake pia.”

 Ndipo kapita Sebarenzi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akauliza lililowaleta majirani wote siku ile:

“Papa Isidore, ukifika kule peke yako, utatuita?”

“Kapita, niliwaita mu mikutano, hamukukuya. Mutakuya namna gani nikiwa nimekufa?”

Sebarenzi alicheka mpaka akapangusa machozi, halafu akagundua kwamba anacheka peke yake. Adelaïde alikuwa amemkazia mumewe macho. Yeye mkewe alikuwa amekuja kila mumewe alipomwita.

Isidore alifariki nyumbani kwake Jumanne alasiri, tarehe 11 Februari 1958, akiwa na umri wa miaka arobaini. Jana wachimbaji walifika kina cha kifua wakakuta ardhi kavu kama unga wa muhogo, sawasawa na alivyosema. Walisema pia kwamba ni baridi kuliko walivyozoea. Hilo halikuwamo katika vipimo vyake.

Anamwacha mama yake Elisabeth, aliyeko Itebero. Mjane wake Adelaïde. Watoto wake Victorine na Émile. Mdogo wake Faustin. Na visima vya Masisi, ambavyo havina wa kuvisikiliza. Kapita ameahidi mbele ya padri kwamba atakayefuata kufariki, awe yeyote, ataletwa huku. Waliosimama nje ya mstari wa mawe unaozunguka kiwanja wanaombwa kusogea karibu, nafasi ipo.

Adelaïde ameweka ndani ya sanduku blanketi zote mbili za nyumbani, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Isidore Kubuya apumzike kwa amani, na usingizi wake uwe mzito.