Wekundu wa Mbegu Hai: Historia ya Laurent Ngolo Machibya, 1967–2025

Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Munisagara, mimi ni Peter, mdogo wake marehemu, na familia imeniachia nisome safari ya kaka yangu, ambayo kwa sehemu kubwa mnaijua, na kwa sehemu moja mnaijua vibaya.

Laurent alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Malampaka, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ngolo Machibya na Mama Limi. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na sekondari Shinyanga mwaka 1982 hadi 1985. Mwaka 1986 familia yetu ilipohamia Kilosa na ng'ombe, yeye ndiye aliyeandika barua ya kuomba tupokelewe katika kijiji hiki, kwa mwandiko ambao mwenyekiti wa wakati ule alisema unampita karani wake.

Mwaka 1990 alihitimu chuo cha kilimo, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara ya mbegu huko Kilangali. Kazi yake ilikuwa kuloweka mbegu, kuipasua kiini kwa wembe, kisha kuiweka katika maji yenye dawa ya maabara iitwayo tetrazoliamu, unga unaotengenezwa kiwandani, na mbegu ikiwa hai kiini hugeuka chekundu, ikiwa imekufa hubaki ilivyo hata ukisubiri siku nzima. Kidole gumba chake cha kushoto kilijaa makovu ya wembe huo.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu Devotha katika kanisa la Kilosa, wakaishi hapa kijijini, wakajaliwa watoto watatu, Costancia, Deogratias na Happyness, na wajukuu wanne.

Oktoba 2020 kijiji kilimwomba atuonyeshe mbegu zinavyopimwa. Alikuja na visahani vyake, tukaona kwa macho yetu kiini cha mahindi kikigeuka chekundu, watu wakapiga makofi. Februari iliyofuata alipita hapa mfanyabiashara tusiyemjua, akiuza mahindi yaliyopakwa rangi nyekundu kwa nje, nasi tukayagombania, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu yalikuwa mekundu. Hayakuota. Kaka aliyapasua, akayapima, akakuta viini vyote vimekufa.

Katika mkutano wa Jumapili tarehe 11 Aprili 2021 mtu mmoja alisimama akasema, "Wewe Machibya, si ulituambia nyekundu ndiyo hai?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, ng'ombe wa kwao wamepata malisho kwenye mashamba yetu!" na watu wakacheka. Kaka akajibu kwamba alisema maneno mawili, si moja, akauliza kama yupo anayelikumbuka la pili.

Mimi nililikumbuka. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Siku ile ya visahani alisema, "Iliyo hai huwa nyekundu, lakini wekundu huo hutoka ndani baada ya kuikata, rangi ya juu haikuambii kitu." Nilinyamaza kwa sababu mimi pia ni mtu wa kuja, nina shamba na ng'ombe hapa, na niliogopa kuhesabiwa pamoja naye. Siwalaumu waliosema, maana mwenye ekari tatu tupu na watoto nyumbani humtafuta mtu wa karibu wa kumlaumu, na yule mfanyabiashara alikuwa ameshakwenda.

Tangu siku ile shikamoo za Happyness zilipita njiani bila marahaba. Mwaka 2022 kaka aliomba kustaafu mapema, akahamia Mikumi, na hakulima tena hata tuta la mchicha. Alikuwa na kisukari tangu 2019, mwaka 2024 figo zikashindwa, akawa anakwenda Morogoro kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi alipofariki Mikumi Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi. Aliomba azikwe hapa, kando ya baba. Nilimuuliza kwa nini hapa, akasema hana kijiji kingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mikumi na Morogoro, wenzake wa maabara waliokuja na gari lao, majirani wa Mikumi waliompikia uji mwezi mzima, na wanaume wanane wa hapa waliochimba kaburi tangu alfajiri, ambao wengi wao walikuwa kwenye mkutano ule.

Nimechelewa miaka minne kulisema neno lako la pili, kaka. Upumzike kwa amani.